Tembea Uone Kwenu: Maneno Yaliyosemwa Mtendeni, Tabora

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wazee, waalimu na wanafunzi waliokusanyika Mtendeni. Yameandikwa hapa kwa faida ya wasomaji walio mbali.)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya kutembelea mahali pa kale na kutembea porini katika nchi hii tunayokaa. Nimeona heri nianze kwa kuungama aibu yangu mwenyewe, maana aungamaye kwanza husikilizwa kwa wema.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana, mgeni alishuka katika gari la moshi akaja hata mlangoni pangu. Akaniamkia kwa adabu, akasema, "Mwalimu, nataka kwenda Kwihara kuiona nyumba aliyokaa Livingstone. Njia ni ipi?" Nikanyoosha mkono kuelekea kusini na magharibi, kama mtu ajuaye. Akauliza tena, "Na hapo zamani ni watu gani waliokuwa wakipita njia hii, na walichukua nini?" Hapo ulimi ukanata. Nilizaliwa katika mji huu, na kila siku niliwafundisha watoto majina ya mito ya Ulaya. Lakini Kwihara, iliyo mwendo wa maili nne au tano tu, sikupata kuitia mguu. Mgeni yule akaenda, akaona, na jioni akarudi kunieleza mimi habari za kwetu. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku ile nilipona ugonjwa wa kutojua, lakini dawa yake ilikuwa chungu.

Basi shauri langu leo ni moja tu. Nchi isiyotembelewa na wenyewe husahauliwa na wenyewe. Na iliyokwisha kusahauliwa huharibika upesi, kwa kuwa hakuna wa kuililia. Nitawachukua kwa maneno katika safari nne fupi, kila moja ikianza hapa Mtendeni. Kisha nitasema adabu za mwendo, na mwisho nitataja kazi iliyo juu yetu tukirudi nyumbani.

SAFARI YA KWANZA: NDANI YA MJI

Mtu mvivu huanza kwa jina. Mtendeni maana yake ni mahali pa mtende, na mtende si mti wa porini kwetu. Ulikuja pamoja na watu wa pwani na Waarabu wa Omani waliofanya maskani katika Unyanyembe karne ya kumi na tisa, wakapanda tende na maembe kwa kukumbuka makwao. Basi jina la mtaa wetu peke yake ni ukurasa mmoja wa kitabu cha habari za kale, nasi twaukanyaga kila siku bila kuusoma.

Kituo cha Waarabu hao kiliitwa Kaze. Tarehe 7 Novemba 1857 walifika hapo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, pamoja na msafara wao. Tangu kuondoka pwani walikuwa wamekwenda siku 134. Alivyowapokea Snay bin Amir, tajiri wa Kiarabu, ndivyo ilivyo dasturi ya mji huu mpaka leo: aliwapa nyumba, chakula na habari. Ndiye aliyewaambia habari za ziwa kubwa lililo kaskazini. Mwezi wa Julai 1858 Burton alibaki Kaze, na Speke akaenda kulitafuta ziwa hilo. Akaliona, akarudi mwishoni mwa Agosti akisema kwamba hapo ndipo chanzo cha mto Nili. Burton hakukubali, na ubishi wao ulifika mpaka Ulaya. Katika mwendo ule alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mtumwa akapata uhuru, ambaye baadaye aliongoza misafara ya Speke na Grant, ya Stanley na ya Cameron. Leo maji ya ziwa lile lile yamefika Tabora kwa mabomba. Ukifungua bomba asubuhi, kumbuka mwendo wa Speke, na zaidi kumbuka miguu ya wale waliomchukulia mizigo.

Tokea mtaani nenda stesheni. Reli ya kutoka Dar es Salaam iliufikia mji huu mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Njia ya kwenda Mwanza ilimalizika mwaka 1928. Simama ulitazame jengo la Wajerumani na paa lake, kisha ujiulize neno hili: mwendo uliokula siku 134 za Burton uligeuka ukawa mwendo wa siku mbili tatu za kukaa kitini. Jambo hilo lilileta faida nyingi. Lakini njia ya kale iliyojaa watu ikaota majani, na kazi ya upagazi, iliyokuwa fahari ya kijana wa Kinyamwezi, ikafa pamoja nayo.

Boma la Wajerumani lingali limesimama juu ya kilima chake. Litazameni kwa mbali, wala msipige picha, maana ni mahali pa askari. Wakati wa Vita Vikuu vya kwanza Wajerumani walikatiwa njia ya bahari, wakapungukiwa fedha. Mwaka 1916 walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye sura ya tembo, katika karakana ya reli ya Lulanguru, upande wa magharibi wa mji. Sarafu hizo zilikuwa elfu kumi na sita hivi. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakautwaa mji. Leo sarafu moja ya Tabora huuzwa kwa bei kubwa katika miji ya Ulaya na Marekani, na mtoto wa Tabora hajui kwamba ilipigwa kwao.

Wanafunzi wasisahau shule. Shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya wana wa watemi. Julius Nyerere aliingia humo mwaka 1937, na baadaye alirudi mjini kuwa mwalimu katika shule ya St. Mary's. Tena mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliokata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ulifanyika hapa Tabora. Yote hayo ni mwendo wa asubuhi moja, na nauli yake ni viatu tu.

SAFARI YA PILI: KWIHARA

Safari hii ndiyo roho ya maneno yangu, kwa hiyo nitaisimulia kama tulivyoifanya mwaka mmoja pamoja na wanafunzi wangu.

Kabla ya kuondoka nilikwenda dukani, nikaomba mizani, nikapima mchanga frasila mbili, yaani ratili 70, au kilo 32 kwa hesabu ya siku hizi. Huo ndio uzito uliokuwa mzigo wa kawaida wa mpagazi, mbali na mkeka wake, sufuria yake na posho yake. Nikautia mchanga katika gunia, nikawaambia vijana wanne wa darasa la juu, wenye nguvu na maneno mengi, "Chukueni kwa zamu hata Kwihara." Wakacheka. Tulipopita nyumba za mwisho za mji walikuwa hawacheki. Kabla ya kufika nusu ya njia walikuwa wamepokezana mara nyingi hata wakaacha kuhesabu. Tukaketi chini ya mwembe mkubwa, nikawaambia: mpagazi alichukua mzigo huu, wala hakupokezana na mtu, kutoka hapa hata Bagamoyo, kisha akarudi na mzigo mwingine. Akienda pwani alikuwa na pembe begani. Akirudi alikuwa na merikani, kaniki, ushanga na masango. Mbele alikwenda kirangozi na bendera yake, na barghumu ikilia ili walio nyuma wasipotee. Wengi waliondoka baada ya mavuno, mvua zilipokwisha, wakajitahidi kurudi kwa msimu wa kulima. Wengine walikwenda na wake zao, waliopika na kuchukua vyombo njiani.

Hapo mtoto mmoja mdogo akaniuliza, "Mwalimu, hao watu majina yao nani?" Nikamtajia Bombay, nikamtajia na wengine wawili nitakaowaeleza sasa hivi. Akasema, "Hao walikuwa na Wazungu. Wale wengine, je?" Nikanyamaza. Swali hilo liwekeni moyoni, nitalirudia.

Tulipofika Kwihara tuliiona tembe. Wageni wa mbali hawajui tembe ni nini, basi nieleze. Ni nyumba ya kuta nene za udongo, yenye dari la miti iliyolazwa na kufunikwa udongo, bila paa la mgongo; vyumba vimepangwa kuuzunguka ua. Ndani yake mna baridi wakati jua la Oktoba linapochoma. Tembe ya Kwihara ina mlango wa nakshi wa namna ya pwani, na ndani mna ramani, picha na maandiko ya zamani. Nyumba iliyopo imejengwa upya mahali pa ile ya kale, maana udongo haudumu wenyewe: dari la tembe lisipokandikwa, mvua hupata njia, na mvua ikipata njia ukuta hukaa miaka michache tu.

Henry Stanley alifika Kwihara mwezi wa Juni 1871 akimtafuta Livingstone, akapewa nyumba. Alikawia hapo kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu. Stanley alijitia katika vita hivyo, wakashindwa. Akazunguka kwa njia ya kusini, akamkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka. Wawili hao wakarudi Kwihara mwezi wa Februari 1872. Mwezi wa Machi Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki katika tembe akingoja wapagazi mpaka Agosti, wakafika watu 57 walioletwa kutoka Unguja. Akaondoka nao kwenda kusini, wala hakurudi hai.

Sasa, wazee wangu, nisikilizeni. Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwezi wa Mei 1873. Watu wake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakakata shauri kuuchukua hata pwani. Katika viongozi wao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Hakuna bwana aliyewaamuru, wala mshahara waliokuwa na hakika nao. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyekuwa na msafara wa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Wakakataa. Walikuwa watu wasio na cheo, mbele ya afisa wa manowari, nao wakakataa kwa adabu, wakaendelea na safari. Njiani wenyeji walipokataa maiti isipite, wakaifunga upya kama mzigo wa nguo, wakapita. Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Na tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa London katika Westminster Abbey. Mmoja wao, Jacob Wainwright, alikuwapo kaburini.

Wengi waendao Kwihara hutazama tembe, wakasema, "Hapa alikaa Mzungu fulani." Ni kweli. Lakini mimi niliwaambia wanafunzi wangu: simameni hapa uani mfikiri ya kuwa ni katika nchi hii hii watu waliochoka, wenye njaa na miguu yenye vidonda, walisema hapana, kwa kuwa kazi yao ilikuwa haijaisha. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kikubwa cha kuonwa huko, wala hakikuwekwa katika sanduku la kioo.

Tena tusifiche lililo chungu. Njia ile ile iliyopitisha pembe ilipitisha na watu waliofungwa minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, mwaka ule ule aliokufa Livingstone, lakini biashara ya bara haikukoma siku moja. Mwaka 2006 serikali yetu iliiandikisha njia hii katika orodha ya awali ya mahali panapoombewa urithi wa dunia. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Basi tujue kwamba njia ya kwenda mashamba ya Kwihara, tunayopita na baiskeli, dunia imekwisha kuambiwa habari zake.

SAFARI YA TATU: KWA WATEMI

Safari hii yataka ruhusa kwanza, na mzee wa kufuatana naye. Kila mtu hapa amesikia jina la Isike, Mtemi wa Unyanyembe. Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia zaidi ya mara moja katika boma lake lililokuwa karibu na mji, wakashindwa kuliteka. Januari 1893 walirudi na mzinga na askari, wakavunja lango. Isike alipoona yamekwisha, hakutoka kujitoa. Alitia moto baruti yake akiwa ndani ya nyumba. Mwenzake wa magharibi, Mirambo, aliyeanza na nchi ndogo akajenga dola ya nguvu, alikuwa amekufa tangu Desemba 1884. Nchi yake yaitwa Urambo hata leo, na aendaye kwa gari hufika kwa muda wa asubuhi.

Mahali hapa pengine mgeni haoni kitu ila mti, shimo au kifusi cha udongo. Lakini asidharau. Makao ya mtemi katika Kinyamwezi ni ikulu, na neno hilo limesafiri kutoka vijijini kwetu hata likawa jina la nyumba ya Rais. Mwenye kutembelea makao ya watemi avue kofia, aseme polepole, asichukue hata kigae cha chungu. Kigae kikiwa mahali pake ni shahidi. Kikiwa mfukoni mwako ni takataka.

SAFARI YA NNE: PORINI

Sasa tutoke katika habari za watu, tuingie katika habari za miti. Msitu wetu wa miombo huonekana kwa mpita njia kuwa kitu kimoja kisicho na mwisho, lakini mwenye kwenda polepole huona mengi. Nendeni mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua: majani mapya ya miombo hutoka mekundu, ya rangi ya shaba na divai, hata pori zima likawa kama linawaka bila moto. Wafundisheni watoto kuujua mninga kwa utomvu wake mwekundu kama damu, na mkora kwa mbegu zake nyeusi zenye kofia nyekundu. Mvua zikianza, uyoga huota, lakini asichume asiyeujua. Matunda ya pori, furu, mabungo na matonga, yana msimu wake, na kila bibi mzee anaujua kuliko kitabu.

Mtatazama pia mizinga juu ya miti. Asali ya Tabora ina sifa kila mahali, na sifa hiyo yatoka katika maua ya miombo. Mkibahatika mtamwona mlembe, ndege mdogo asiye na urembo. Humwita mtu kwa kelele, akaruka mti hata mti mpaka penye nyuki. Watu wakilina, humwachia masega, maana nta ndiyo aitakayo. Hapo mwalimu amepata somo la urafiki wa mtu na ndege lililo kongwe kuliko shule zote. Lakini aonyeshe na ubaya: mzinga uliotengenezwa kwa gome huua mti uliovuliwa gome hilo. Mzinga wa ubao au wa sanduku hauui mti, na mti uliosalia hutoa maua mwaka wa pili.

Kwa apendaye maji kuna bwawa la Igombe upande wa kaskazini, lililounywesha mji huu miaka mingi. Nendeni alfajiri, mketi kimya mbali kidogo na ukingo, mtazame ndege wa majini. Wavulana msioge: maji yaliyotulia yaweza kuwa na konokono wenye kichocho.

ADABU ZA MWENDO

Nitazisema kwa ufupi, zipate kukumbukwa. Ondoka alfajiri, upumzike jua likiwa kichwani. Chukua maji katika kibuyu au chupa, usitumaini visima vya watu. Vaa nguo za rangi ya udongo. Ndorobo huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, na ndorobo huleta malale. Vaa viatu vinavyofunika kifundo, kwa ajili ya nyoka. Usipite chini ya mzinga ukiwa umejipaka manukato. Usiache moto hata mdogo. Njiti moja ya Septemba yaweza kula mizinga ya watu kumi. Ukipita shambani au uani mwa mtu, bisha hodi na kuamkia. Na ukikutana na mzee, usimpite. Mzee ni mahali pa kale penye kusema.

KAZI ILIYO JUU YETU

Huenda mtu akasema, "Kutembea bila kazi ni dasturi ya Wazungu." Nami namjibu, babu zetu walitembea kuliko wao wote, ila ni kweli kwamba kuna jambo la kujifunza kwao. Katika vijiji vya Uingereza kuna njia za miguu za kale zipitazo mashambani, na mwenye shamba hana ruhusa kuzifunga. Watu wa mjini huenda huko siku za mapumziko, wakafuata njia hizo toka kanisa hata mto, toka mto hata kilima, wakanywa chai kijijini na kuacha fedha yao hapo. Mwaka 1949 ilitolewa sheria iliyozitaka wilaya zao kuziandika njia hizo katika ramani, ili zisipotee. Angalieni: hawakungoja zipotee ndipo waandike.

Sisi njia zetu hazimo katika ramani, zimo katika vichwa vya wazee. Sasa narudi kwa swali la yule mtoto. Tulipotoka Kwihara niliwapa wanafunzi wote kazi moja: kila mmoja aende akaulize nyumbani kama kuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuchukua mzigo kwenda pwani. Wengi walirudi na mikono mitupu. Mtoto yule alirudi na jina la babu wa bibi yake, na jina la mto aliougulia, na jina la mwenzake aliyemtunza mpaka akapona. Jirani wa bibi huyo, mzee sana, alisema yeye anayajua majina ya vituo vyote kutoka hapa hata Ugogo, moja baada ya moja, kama alivyofundishwa na baba yake. Nikafurahi, nikasema, "Kiangazi kijacho nitakuja na daftari, uniandikishe." Kiangazi kilipofika nilikwenda na daftari. Nilikuta kaburi. Vituo vile vimekwenda naye, na kosa si la mtu mwingine, ni langu.

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, kila shule ya Mtendeni na vijiji vya jirani ichague siku moja ya kiangazi, waende kwa miguu mahali pamoja pa kale, pamoja na mzee mmoja anayelipwa heshima yake na chakula chake. Pili, wawe na daftari moja la shule, si la mwalimu, waandike jina la kila mti uliopandwa na mtu, kila kisima, kila kituo, na kila mpagazi atakayekumbukwa. Mwalimu akihamishwa, daftari libaki. Tatu, wazee wenye mji na wenyeviti wa mitaa waangalie miembe na mitende ya zamani isikatwe kwa kuni za siku mbili. Mwembe wa njia ya misafara ukianguka, hatuwezi kuagiza mwingine.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji miguu, kalamu na masikio. Siku mgeni mwingine atakaposhuka katika gari la moshi na kuuliza njia ya Kwihara, natumaini hatajibiwa kwa mkono ulionyooshwa tu. Mtoto wa Mtendeni atachukua kofia yake aseme, "Twende, nitakuonyesha," na njiani atamtajia majina ya wapagazi, na la kwanza litakuwa la babu wa bibi ya yule mtoto aliyeniuliza.